Mipini ya Mkono wa Kushoto

Baba aliibana patasi kwenye jiriwa, akaugonga mpini kwa nyundo ya mbao mpaka ukachomoka. Akautupa kwenye ndoo. Akakohoa, akajishika ubavu, akasubiri pumzi imrudie, kisha akachukua patasi nyingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana na dawa zake mkononi, na sikumuuliza anafanya nini maana nilijua. Alikuwa anajing'oa mwenyewe kwenye vyombo vyake, kimoja baada ya kingine, na kila mpini ulioanguka ndooni nilihisi kama nagongwa mimi.

Daktari alikuwa amemwambia ukweli mapema, bila kuzunguka. Mapafu yalikuwa yameshiba vumbi la mbao, na hakuna dawa ya kulitoa. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Na vyombo vyangu?"

Daktari akanitazama mimi, akidhani mzee ameanza kuweweseka. Maskini, angejuaje? Baba alikuwa mashoto. Kula alikula kwa mkono wa kulia kama alivyofunzwa kwa fimbo utotoni, lakini kazi ya mbao ilikataa katakata kuhamia upande huo. Basi akajitengenezea vyombo vyake. Kila mpini aliuchonga mwenyewe na kuuwekea kibonde cha kidole gumba cha kushoto. Tezo aliinoa upande wa pili. Hata jiriwa aliifunga pale ambapo fundi mwingine akija lazima ajigonge nyonga. Mafundi wa mtaa wakiazima kitu walikirudisha siku hiyo hiyo, wanacheka: "Mzee, hivi vyombo vyako vina jini!" Naye alicheka nao, kwa fahari, kama mtu aliyesifiwa mtoto.

Sasa kicheko kiliisha. "Sitaki viuzwe chuma chakavu," alituambia. "Wala visitundikwe ukutani vikageuka picha. Nataka vipate mkono."

Akaanza kuusaka huo mkono. Mtu akija kumjulia hali, kabla hajakaa vizuri baba anamrushia kipande cha mbao, "Shika!", kisha anaangalia kimedakwa kwa upande gani. Jirani yetu mmoja, mtu mzima wa watu, kilimpiga kwenye paji la uso. Nilikufa kwa aibu. Muuguzi aliyekuja kumchoma sindano tulimwona akiandika kwa kushoto, na baba akainuka kitandani mwenyewe, macho yanang'aa.

"Mwanangu, umewahi kushika randa?"

"Mzee wangu, mimi hata msumari sijapiga," akajibu yule dada, akicheka. Baba akalala tena, akageukia ukutani.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, naye alikuwa seremala, na seremala mzuri. Alivitaka vile vyombo kwa heshima zote. "Mjomba, chuma chako ni cha zamani, siku hizi hakipatikani. Niachie mimi. Nitabadilisha mipini tu."

"Mipini tu?" Baba alifoka hadi kikohozi kikamkamata. "Wewe uitie moto mipini yangu halafu uniambie 'tu'? Toka mbele yangu!"

Binamu akatoka kichwa chini. Shangazi, ambaye hajawahi kumeza neno tangu azaliwe, akasonya. "Kaka, unamfukuza mtoto bure. Unatafuta mashoto kwa wageni, wakati aliyezaliwa humu ndani mlimfunga mkono wenyewe."

Nilikuwa nakunja nguo. "Nani alifungwa, shangazi?"

Akajiziba mdomo, macho yake kwenye mkono wangu wa kushoto, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Sikuwa nakumbuka kitu. Nilichokumbuka ni kwamba utoto wangu wote niliitwa Vunjavunja. Vikombe viliniponyoka, sindano ilinichoma, mwandiko wangu mwalimu aliuonyesha darasa zima ili watu wacheke. Niliamini nimeumbwa na mikono mizito, nikazoea, nikawa najicheka mwenyewe kabla sijachekwa. Kumbe nilikuwa naishi kwa mkono usio wangu.

"Baba?"

"Marehemu mama yako ndiye aliyekuwa anakufunga mkono wa kushoto kila asubuhi," akasema. "Kitambaa nilikichana mimi."

"Kwa nini?"

"Nilipigwa, mwanangu. Shuleni nilipigwa. Karakana za watu nilifukuzwa, eti natia mkosi. Nilipokuona unashika kijiko kwa mkono ule, nikasema huyu hapiti nilikopita mimi. Ulilia, kisha ukanyamaza. Tukaona tumekuokoa."

Nilitoka nje nikasimama uani nikisubiri hasira ipungue, na haikupungua. Mtu anakufa, utamgombeza vipi? Nilimpenda na nilimchukia kwa pumzi moja.

Kesho yake yeye ndiye aliyeanza kusema. Akaomba nimshike mpaka karakana. Akaweka ubao mezani, akachora mstari, akanipa msumeno. "Jaribu kwa mkono wako."

Nikaushika. Nasema kweli, kidole gumba kiliingia kwenye kile kibonde na vidole vingine vikapata mahali pao bila kutafuta. Hakuna kitu kilichowahi kunikaa mkononi namna ile. Baba aliona. Nilimwona alivyoona, uso wote ulifunguka, na mimi nikaombea kimoyomoyo, tafadhali, mara hii tu nisivunje kitu.

Nikavuta. Msumeno ukaruka, ukakwaruza, ukauacha mstari. Nikarudia. Mkono ulikuwa kama wa mtu aliyeulalia vibaya, hauna nguvu wala akili. Niliendelea hadi jasho likaangukia ubao, na kila mkato ulikuwa mbaya kuliko uliopita.

"Nipe muda, baba. Nitajifunza."

"Utajifunza," akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko makofi. "Miaka mitano, sita. Mimi sina, na wewe una kazi yako na watoto. Acha, mwanangu. Inatosha."

Asubuhi iliyofuata ndipo nilipomkuta anagonga mipini. Ya misumeno aliifungua skrubu. Ya tezo ilikataa kutoka, akaipasua. Alipomaliza, meza ilijaa vyuma vitupu, na mtu asingeweza kusema vilikuwa vya nani. Akanituma nimwite binamu.

Binamu alikuja akiwa na mpini mpya mfukoni, wa dukani, mviringo, laini. Alitazama ndoo, akatazama chini. Akakaa akanoa patasi moja, akaipachika mpini, akaishika kwa mkono wake wa kulia na kuijaribu kwenye ubao. Taka nyembamba ya mbao ikajikunja, ikaanguka.

"Inakata, mjomba."

"Naona," akasema baba. "Chukua vyote. Usiviache vikapata kutu."

Kisha akaniambia nimrudishe ndani, amechoka. Nilimlaza, nikamvuta shuka. Nilipotaka kuondoka akaushika mkono wangu wa kushoto, akaufungua vidole kimoja kimoja, akavikunja tena, polepole, kama fundi anavyokagua chombo.

"Nilikuwa na kitu kimoja cha kukuachia," akasema. "Nikakunyang'anya."

Nilitaka kumwambia si kitu, yameisha. Lakini neno hilo halikuwa kweli, naye hakulidai. Akaulaza mkono wangu juu ya shuka na kufumba macho. Nikakaa naye pale. Huko nje binamu alikuwa bado anachonga.