Mikorosho ya Aliyekwenda Tunduru

"...hata kama ni wewe uliyezizoa korosho, Adija, nakuuliza, zilikuwa zimelowa au hazikulowa?" Sauti ya Mjomba Majaliwa ilitoka sebuleni, ikapita kwenye dirisha lisilo na ubao, ikamkuta Stamili uani, amekaa juu ya kigoda, rungu dogo mkononi na jiwe katikati ya miguu, na sauti ya mama yake ikafuata hapo hapo, haikungoja hata mwenzake ameze mate, "Zimelowa, kaka, si nimeshasema zimelowa, zilikuwa mkeka mmoja na zile za kuuza, nikazoa zote nikatia guniani, ningejuaje mimi?" ... ungejua kwa kuzishika, mama, Stamili alisema moyoni, korosho iliyonyunyiziwa maji jana ina ubaridi wake hata ikipigwa na jua la asubuhi, mimi naijua nikiwa nimefumba macho, akaweka moja juu ya jiwe, akaipiga mgongoni, tak, ganda lililokaangwa likaachia na kiini kikatoka kizima, cheupe, kama jino la mtoto, akakitupa kwenye ungo upande wa vizima, lakini nawe mwenyewe ungemwambia, Stamili, ungesema mama, upande huu ni zangu, nimezinyunyizia ili zikikaangwa ganda liachie, usiziguse, maneno machache tu, ila jana ulikuwa na haraka, siku hizi kila siku una haraka, na leo mjomba amebeba gunia lile kwa baiskeli mpaka ghalani, mbele ya watu wote kijana wa mnunuzi amechoma bambo lake, kile chuma cha kuchotea sampuli, akachomoa, akanusa, akasema, "Mzee, hizi umezinywesha?" na nani pale asiyejua kwamba wapo watu wanaolowesha korosho ili ziwe nzito kwenye mizani, wanajulikana kwa majina, na mjomba hajawahi kuwa mmoja wao, mjomba anayeadhini msikitini, na katika foleni akatokea mmoja wa kupaza sauti, "Jamani Kitangari nzima hatuna maji ya kunywa, Majaliwa anayo ya kunywesha korosho!" wakacheka mpaka wapagazi wakashusha magunia... tak... hiki kimevunjika. Upande wa vipande. Ukikasirika vinavunjika, mama alimfundisha hivyo, mama aliyewahi kubangua kiwandani enzi kiwanda kinanguruma, kabla hakijafungwa na popo kuhamia, huko ndiko alikojifunza habari ya kuilowesha kwanza, kwa hiyo ukitafuta mwanzo wa mkosi huu wa leo utakuta ni elimu ya mama mwenyewe iliyotoka kwa binti ikarudi kwa mama ikaingia guniani. "Nimesimama pale kama mwizi," mjomba alikuwa anasema, "mimi, Majaliwa, kijana wa juzi ananiambia kaanike tena mzee, mimi!" na mama, "Kaka, si uzianike tena basi, jua si lipo?" na mjomba, "Jua lipo, Adija, uso ndio sina!" Stamili akataka kucheka, akajiuma mdomo, maana haikuwa ya kuchekwa, gunia lingeanikwa na kukauka lakini mjomba alikuwa ameshapata alichokuwa anakitafuta tangu mavuno yaanze, sababu, na sasa atasema lile neno... alilisema. "Ndiyo maana nasema mikorosho ikodishwe. Shamte, wakala wa mnunuzi, anapita hapa mchana huu huu, nimemwita mimi. Bosi wake atapalilia, atapulizia salfa, atavuna mwenyewe, misimu mitatu, wewe unapokea chako mkononi unakaa. Mambo ya korosho ya siku hizi si ya wanawake wawili na mkeka." Mkeka mmoja, mjomba, ingekuwa miwili yasingetokea haya, tak, kizima, tak, kizima, misimu mitatu, yeye atakuwa mtu mzima, Dorika wa Nanganga atakuwa ameshapata mbanguaji mwingine, Dorika anayewauzia korosho abiria wa mabasi pale njia panda, mwanamke wa maneno mafupi, aliyeonja kiini kimoja tu mara ya kwanza, akakigeuza geuza mdomoni kama anasoma, akasema, "Lete zote. Nzima tu, mwanangu, vipande kaleni nyumbani," na tangu siku ile kila lori linaloshuka kwa Dorika lina kifurushi cha Stamili chini ya kiti cha dereva, na kila kifurushi ni hatua ya kurudi shule, hivyo ndivyo alivyojiahidi, kidato cha pili alikiacha katikati, sare ipo sandukuni, amekua lakini pindo linashuka... na mikorosho ikikodishwa atabangua nini, mawe? Atanunua kwa jirani? Jirani wote wanauza kwa wenye malori, soko huria, soko huria, zamani ilikuwa chama cha ushirika tu na subira, sasa malori yanapishana, kila mnunuzi na mizani yake na bambo lake, na korosho zinaondoka na maganda yake, hakuna hata mmoja anayeuliza kama hapa kuna watu wanaojua kubangua. Alimwuliza karani mmoja wa ghalani, zinakwenda wapi hizi? Karani akamtazama mikono kwanza, kila mtu anamtazama mikono kwanza, mafuta ya maganda yameichubua na kuipaka weusi usiotoka kwa majivu wala sabuni, akasema, India, nyingine siku hizi Vietnam, wanabangua kule halafu wanawauzia Wazungu, na Stamili akasimama pale na ndoo yake kichwani kama aliyeitwa jina, maana Vietnam aliijua, iko kwenye ramani ya mwalimu wa jiografia, Asia ya Kusini-Mashariki, nchi ndefu nyembamba iliyojikunja kando ya bahari, mpunga, mito miwili mikubwa, mvua za msimu, alipata alama nzuri katika zoezi lile, nchi iliyotoka vitani juzi tu, mwalimu alisema, na tazameni sasa inavyonyanyuka... kwa hiyo kuna binti huko. Lazima yupo. Amekaa juu ya kigoda chake sasa hivi, au huko ni usiku, amelala na mikono yake myeusi juu ya shuka, na kesho atabangua korosho ya mti alioupanda baba yangu, na maji anayo, mito miwili, halazimiki kuamka alfajiri kuteremka bondeni akapanda tena na ndoo mpaka shingo inaingia kifuani, halafu asikie watu wanamcheka mjomba wake kwa kikombe cha maji, sasa kwa nini korosho ivuke bahari nzima kumfuata yule wakati mimi nipo hapa, rungu ninalo, jiwe ninalo, mama aliyefunzwa kiwandani ninaye? Je, na yeye ana mjomba? ... "Mikorosho kapanda mume wangu!" Hiyo ni mama, sauti imepanda, sasa wamefika penyewe. "Ardhi ya nani?" mjomba akauliza, polepole, kama mwalimu anayejua jibu. "Ya mama yetu, nani kabisha? Ardhi yetu, lakini mti ni wa aliyepanda, wewe mwenyewe umeshawahukumia watu hivyo, ardhi ya ukoo, mti wa mpandaji, au kwangu mimi sheria imebadilika?" Vizuri, mama! tak, kizima, Stamili alijikuta anatabasamu na jiwe, mjomba ndiye mkubwa wa ukoo, huku kwetu mtoto ni wa kwa mama na kauli ni ya mjomba, ataoa nani, atasoma nani, atapewa shamba wapi, lakini mti hapana, mti una jina la mkono uliouchimbia shimo, na mashimo yale alichimba baba, Stamili alikuwa mdogo, alibeba mbegu kwenye kikombe cha bati, baba anasema tia, anatia, fukia, anafukia kwa mguu... "Sawa," mjomba alisema, "mti ni wa mpandaji. Mpandaji yuko wapi?"   Stamili akaweka korosho nyingine juu ya jiwe, akainua rungu. Mpandaji yuko Tunduru, kila mtu anajua, alisikia habari za mawe yanayong'aa kama watu wengine walivyosikia, wauza duka walifunga maduka, walimu waliacha chaki, baba akabeba chepe na blanketi akasema napita tu huko, nikipata moja, moja tu, narudi na bomba la mota la kupulizia salfa na wewe Stamili nakupeleka shule ya bweni, akacheka, akapanda lori, na mara moja tu dereva alileta salamu zake na kipande cha kitenge, baada ya hapo hakuna, wengine wanasema shimo limemfukia, wengine wanasema mwanamke, mama anasema akirudi. Akirudi tutaezeka huku nyuma. Akirudi utamaliza shule. Akirudi atapulizia. Ndiyo, na wewe, Stamili, ulisemaje mwezi wa saba, ulipopita chini ya miti ukaona maua yameingia ugonjwa wa ubwiriunga, meupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo, ukayagusa yakabaki vidoleni, yamekufa kabla ya kufunga, ulisemaje? ... Ulisema baba akirudi atapulizia. Ukaenda zako. Rungu likabaki juu. Hakulishusha. Maana mavuno ya mwaka huu hayafiki hata nusu ya yale ya mwaka baba alipoondoka, na yeye alikuwa akijihesabia hatua za kwenda shule kwa vifurushi vya Dorika, lakini vifurushi vinatoka mitini, na mti hausomi salamu za dereva wa lori, mti unataka salfa mwezi wa sita na wa saba, alfajiri, umande ukiwapo, usipoipata mwakani maua yatakuwa unga tena, na mwaka wa tatu hapatakuwa na korosho ya kugombea, si ya Shamte, si ya mama, si ya binti wa Vietnam. Kwa hiyo mjomba... hapana. Kwa hiyo mjomba ana haki? Neno lilikuwa chungu kama kutafuna ganda. Amekuwa akimwita mroho, moyoni, usiku na mchana, na huyo mroho ndiye aliyebeba gunia kwa baiskeli kwenye mchanga ule, ndiye aliyepalilia upande wa chini peke yake na mgongo wake mbovu, ndiye aliyechekwa leo kwa kosa la mkeka ambao si wake, na baba, baba anayependwa, baba mwenye kicheko, hakupalilia hata shina moja. "Atarudi," mama alisema ndani, sauti ndogo sasa. "Arudi," mjomba alisema, naye sauti imeshuka, "mimi nimekataa asirudi? Shemeji yangu yule, nimekula naye. Lakini Adija, mdogo wangu, mti haujui kungoja." Na mama akaanza kulia, au alipenga tu kamasi, Stamili hakutaka kujua, alitazama mikono yake, na wazo likamjia bila kelele, kama mtu anayeingia ndani bila kubisha, kwamba baba hatarudi. Alingoja kifua kianze kuuma. Kiliuma. Halafu nyuma ya maumivu kulikuwa na nafasi, nafasi kubwa ajabu, kama uani ukishaondoa magunia, na ndani ya nafasi ile alianza kuona mambo ambayo hakuwahi kuyaona kwa sababu baba alikuwa amesimama mbele yake... kwamba mikorosho iko mafungu mawili, ya chini, mingi, iliyo mbali, ambayo wao wawili hawaiwezi, na ile ya nyuma ya nyumba, michache, ambayo yeye na mama wanaweza kuizoa kila asubuhi na kuibangua yote. Kwamba Shamte ataitaka zaidi ya chini. Aichukue. Misimu mitatu, aichukue, apalilie, avune, lakini bomba lake la mota likipita kule chini alfajiri lipande na huku juu pia, salfa hiyo hiyo, iwe ndani ya mapatano, na korosho za huku juu zisitoke hapa na ganda lake hata moja, na mjomba awe shahidi, awe yeye mwenyewe anayesema, maana uso anaoutafuta ataupata wapi kama si kwenye maneno ya maana mbele ya mtu wa mnunuzi? Inawezekana. Mbona inawezekana. Lakini nani ataingia aseme? Mama atasema akirudi. Mjomba atasema yote, akodishe yote, aliyepanda hayupo, na binti wa miaka kumi na sita hajulikani kuwa na kauli mbele ya mjomba na mgeni, ataambiwa nenda kachemshe chai... basi aingie na chai. Aanze na shikamoo, apige goti vizuri, amwombe mjomba radhi ya gunia kwanza, kwa adabu, mjomba, kosa ni langu, si la mama, nilichanganya mkeka, hapo mjomba atalainika, kisha kabla hajamaliza kulainika aseme, mjomba, hebu nipe nafasi nikuonyeshe kitu, amwonyeshe ungo, vizima vile, aseme haya ndiyo maji waliyokucheka, mjomba, yametoa hivi... la, asiseme waliyokucheka, mjinga wewe, anza upya, shikamoo mjomba... na bado alikuwa amekaa, ungo pale pale, jiwe pale pale, korosho ile ile juu ya jiwe haijapigwa, ndani walikuwa wamerudi kwenye ardhi ni ya nani, mwanzo kabisa, kama hawajawahi kuligusa, mama amepata sauti tena na mjomba anapiga kiganja mezani, na nje mbele ya nyumba baiskeli iliegemezwa ukutani, viatu vikakung'utwa mchanga, na mtu akabisha mlangoni kwa funguo zake na sauti ya kibiashara, changamfu, isiyojua chochote.

"Hodi! Hodi hapa! Mzee Majaliwa kaniita, ila njiani nimeambiwa mwenye mikorosho yuko Tunduru. Sasa mimi nizungumze na nani?"