Marundo ya Mwashi

Siku ya tatu ya kuivuka milima ile, mwashi aliamka mapema, akakuta nyika yote imeganda. Nyasi zilivunjika chini ya viatu vyake kama vigae. Ng'ambo kulikuwa na kibanda cha wasafiri, na mbele zaidi dada yao mgonjwa aliyewangoja. Mdogo wake, waliyemwita Kobe tangu utotoni, alikuwa bado amejikunyata chini ya jabali, kisigino kimechunika.

"Tangulia, kaka, ukawashe moto. Mimi nitakuja jua likipanda. Kawia ufike."

"Ukungu ukishuka je?"

"Nitafuata marundo ya mawe. Si ndiyo kazi yake?"

Marundo yenyewe yalikuwa yameanguka ubavu. Mwashi alidhani ni upepo. Maisha yake yote hakuwahi kulipita jiwe lililolala vibaya. Akainama, akaanza kulisimamisha la kwanza, kubwa chini, dogo juu.

"Hata mlima utaupiga timazi!" Kobe alicheka. "Haya, nami nitaweka kijiwe changu juu ya kila moja, usije ukajisifu kwamba umejenga peke yako."

Mwashi aliyasimamisha yote hadi kibandani, juu ya ardhi ngumu kama sakafu.

Mtunza kibanda alimpokea kwa chai. "Umezunguka kwa njia ya juu, bila shaka."

"La, nimekata nyikani. Marundo yenu yalikuwa yameanguka, nimeyasimamisha."

Mtunza kibanda akaliweka birika chini. "Mzee wangu, tuliyaangusha sisi. Ndivyo tunavyofunga njia huku: rundo likilala, geuka. Pale katikati pana kinamasi. Asubuhi kimeganda, hata ng'ombe hupita. Jua likipanda, hakina huruma."

Jua lilikuwa limekwisha kupanda.

Walibeba kamba, wakakimbia ukunguni huku mwashi akiita mpaka sauti ikamkauka. Marundo ya upande wa kibanda hayakuwa na kitu juu. Wakafika penye tope jeusi, wakazunguka kwa njia ya juu hadi ng'ambo ya pili. Huko, juu ya kila rundo, palikuwa na kijiwe. Hata lile la ukingoni lilikuwa nacho, kimekaa sawasawa. Mbele yake ilielea fimbo ya Kobe.

Walilichokoa tope kwa miti mpaka mikono ikafa ganzi. Halikurudisha hata kofia.

"Dada nitamwambia nini?" mwashi aliuliza.

"Yaangushe, mzee wangu," mtunza kibanda alisema kwa upole. "Wapo wengine wanakuja nyuma."

Mwashi alilisukuma lile la ukingoni. Mawe yakaporomoka, kijiwe cha Kobe kikabingirika nyasini, na kabla hajajua anafanya nini, mkono wake ulikuwa tayari umelishika jiwe kubwa la chini, ukiliweka sawa.