Fungu la Birdie

Selmer aliisikiliza simu, mkono wake wa kushoto ukiwa bado kichwani mwa mbwa. Mimi nilikuwa nakanda unga wa mkate. Nilimwona akimkuna Birdie nyuma ya sikio, taratibu, kama alivyozoea, halafu vidole vikasimama. Havikuondoka. Vilisimama tu pale ndani ya manyoya ya manjano, kama watu waliosikia jina lao likiitwa.

"Nimekuelewa, binti," alisema mwishowe. "Hapana. Hatujala. Hata kipande."

Kisha akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Watu hatujala."

Masikio ya mume wangu yalikuwa yameanza kuchoka miaka ile, kwa hiyo simu yake ilikuwa na sauti kubwa na mimi nilisikia yote. Msichana wa ofisi ya wanyamapori alikuwa na sauti ya mtoto wa shule, lakini hakuwa na haraka. Alisema kulungu wetu amekutwa na ugonjwa, akasema pole. Alipoona Selmer hasemi kitu, hakukata simu. Alingoja naye. Mpaka leo namkumbuka kwa hilo, na jina lake sikulijua.

Kwetu, kwenye vilima vya magharibi ya Wisconsin, Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza mwezi wa Novemba, Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Wiki hiyo hata mchungaji hufupisha mahubiri, maana anajua macho ya wanaume yako dirishani, msituni. Birdie hakuwa mbwa wa kuwinda. Sheria hairuhusu kumkimbiza kulungu kwa mbwa, na hata ingeruhusu, yeye alikuwa anaogopa kuku. Kazi yake ilikuwa kukaa dirishani tangu Selmer atoke na koti lake la rangi ya chungwa hadi arudi.

Na kazi hiyo ilikuwa na malipo yake. Baba mkwe wangu ndiye aliyeweka kanuni, na nilipoolewa katika nyumba ile niliikuta imekwishaota mizizi: kabla ya kikaango kwenda motoni, mbwa apewe kwanza. "Sisi tulikuwa porini tunajifurahisha," mzee alikuwa anasema. "Mwenye kazi ngumu ni huyu. Alikuwa anangoja." Basi moyo wa kulungu ulipasuliwa, ukaoshwa, ncha yake ikakatwa na kupewa mbwa mkononi. Uliobaki ulikwenda kwenye siagi na vitunguu, tukala sisi. Selmer alimpa hivyo mbwa wa utotoni mwake, akawapa waliofuata, akaja kumpa Birdie.

Halafu ukaingia ugonjwa. Kulungu anakonda mpaka mbavu zinahesabika, anatokwa na udenda, anasimama barabarani kichwa kimeinama kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Hakuna aliyewahi kusema umemshika binadamu. Lakini serikali ilituambia tusile mpaka nyama ipimwe, na sisi ni watu wa kusikia. Tukajifunza kukata kichwa na kukipeleka kwenye sanduku la chuma lililowekwa njia panda, karibu na kiwanda cha mbao, kichukuliwe kupimwa. Nyama tuliifunga kwa karatasi nyeupe, tukaiweka kwenye friza, tukangoja simu. Hata moyo ulingoja. Tukawa watu wa kuwinda mwezi huu na kula mwezi ujao, tukauzoea utaratibu huo kama mtu anavyozoea miwani.

Ila mkono wa Selmer hakuna aliyeuambia.

Siku ya kukata nyama mwaka ule, jikoni palikuwa pamejaa. Binti yetu Karla alikuwa anazungusha mashine ya kusaga. Emmet, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alikuja kushika mguu wa kulungu na kutukana, mambo mawili aliyoyaweza vizuri sana.

"We mzee, huyu ulimpiga, au alijifia mwenyewe kwa kukucheka?"

"Nenda kwako ukamkate wa kwako."

"Wa kwangu bado anatembea. Nimemwachia anenepe kidogo, sina njaa kama nyie."

"Huna shabaha, sema hivyo."

"Shemeji," Emmet akanigeukia mimi, "huyu mume ulimtoa wapi? Bado wanapokea wakirudishwa?"

Birdie alikuwa chini ya meza, kidevu kimelala juu ya buti la Selmer. Nakumbuka Selmer alikuwa anacheka. Akiwa anacheka vile, kisu kikakata ncha ya moyo, na mkono ukashuka chini ya meza bila yeye kutazama. Birdie alipokea kwa midomo, si kwa meno, kama mtu anayepokea ushirika kanisani.

"Mbwa huyu ana adabu kuliko ukoo wenu mzima," akasema Emmet.

Tukacheka sote. Na mchana kutwa vipande vikaendelea kushuka: utando, kano, nyama nyekundu iliyobaki kwenye mfupa. Tulikuwa watu wazima wanne, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angetia unyuzi wa nyama ile kinywani mwake kabla ya majibu. Tulimwona anakula. Tukafurahi anavyofurahi.

Baada ya simu ile Karla alikuja kutusaidia kuitoa nyama. Tuliitia kwenye mifuko miwili miwili, karatasi zile nyeupe zote, ili ipelekwe jaani. Alipoinua mfuko wa mwisho alisimama nao mlangoni.

"Baba, na Birdie je?"

"Najua."

"Maana alikula ule m..."

"Karla. Najua, mwanangu."

Birdie alikuwa anatikisa mkia. Aliposikia jina lake alidhani anaitwa.

Daktari wa mifugo, mama Schaal, alikuwa amewatibu ng'ombe wetu tangu tulipokuwa na ng'ombe. Alimsikiliza Selmer mpaka mwisho. Kisha akavuta koti lake jeupe, akaketi sakafuni pembeni ya mbwa, mama wa watu na magoti yake mabovu, kwa kuwa Selmer naye alikuwa sakafuni.

"Sijasikia mbwa yeyote aliyeupata," alisema.

"Kwa hiyo hana."

"Selmer, nimesema sijasikia."

"Mpime."

"Akiwa hai hakuna cha kupima."

"Basi mpe dawa. Chochote. Mtapishe."

"Wiki mbili zimepita, baba. Na dawa yenyewe haipo. Hata kwa kulungu haipo." Akamshika Birdie ukucha mmoja mmoja, kama anayemkata kucha, bila kumkata. "Mrudishe nyumbani. Mpende."

Selmer alimrudisha nyumbani. Hilo la pili, ambalo alikuwa analijua kuliko mtu yeyote, ndilo lililomshinda.

Ugonjwa ule hauna haraka. Kulungu anaweza kutembea nao mwaka, hata zaidi, mzima machoni pa watu. Basi Selmer akaanza kuangalia. Alitazama bakuli la maji kujua kama Birdie anakunywa kupita kiasi. Alimpangusa mdomo kwa leso na kuitazama leso kwenye mwanga. Asubuhi alikwenda kusimama upande wa pili wa uwanja, akamwita, ili aone anavyotembea. Birdie alikimbia kwake kila mara masikio yakiruka, akidhani ameanzishiwa mchezo mpya. Akifika, Selmer alikuwa ameshaitia mikono mfukoni.

Hakumlisha tena kwa mkono. Alimtilia chakula cha dukani kwenye bakuli la bati, akaondoka kabla hajala. Jioni Birdie alipokuja kulaza kidevu juu ya buti, Selmer alilivuta buti polepole, kama anayemtoa mtoto usingizini. Mbwa alimtazama, akajisogeza tena. Buti likavutwa tena.

"Unamwogopa?" nilimuuliza siku moja.

"Yeye?" Alinishangaa kweli. "Naogopa hii." Alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, akautazama kama wa mtu mwingine. "Anauamini huu mkono, mama. Sijui umempa nini."

Nilimmiminia kahawa. Birdie alikuwa chini ya meza anatazama buti.

Msimu uliofuata ulifika na Selmer hakutoka. Bunduki ilibaki kabatini. Asubuhi ya Jumamosi ile tulisikia milio ya mbali kwenye vilima, na Birdie akaenda dirishani kungoja, ingawa aliyengojwa alikuwa amekaa nyuma yake na gazeti.

Emmet alikuja wiki kadhaa baadaye, theluji imeshika mpaka kwenye ngazi. Alikuwa na kifurushi cha karatasi nyeupe kilichoandikwa kwa penseli ya fundi seremala, herufi kubwa: BIRDIE.

"Moyo," alisema. "Umepimwa. Jana wamenipigia, ni safi. Ningeuleta mapema, ila nilingoja."

"Weka kwenye friza," alisema Selmer.

"Sikuja kuitembelea friza yako. Ina mambo gani ya kuniambia?"

Selmer hakucheka. Emmet alimtazama, na nikaona mzaha unamtoka usoni taratibu, kama maji yanavyozama mchangani. Sikuwahi kumwona bila mzaha, alionekana mzee.

"Shemeji, naomba kisu."

Nikampa. Akafungua karatasi juu ya ubao, akakata ncha, akainama na mgongo wake ule ulioumizwa na trekta, akamnyooshea Birdie. Birdie akanusa. Udenda ukamtoka kwa hamu, na nilimwona Selmer anaukodolea macho udenda ule. Lakini mbwa hakuchukua. Alimgeukia Selmer, akaketi, akatulia.

"Chukua, we bibi," akasema Emmet. "Mgongo huu si wa kukodi."

Hakuchukua. Hakugeuza macho. Katika nyumba ile fungu lake lilitoka kwenye mkono mmoja tu, na kwa akili yake mkono huo ulikuwa umechelewa, basi. Alikuwa amengoja mwaka mzima. Dakika chache zaidi hazikuwa kitu.

Emmet hakujinyoosha. Alibaki ameinama vilevile, anapumua kwa nguvu, kipande kinamdondoshea damu kwenye kiatu. Nadhani angebaki vile mpaka sikukuu.

Selmer alitoa mkono mfukoni. Alipokea kipande kutoka kwa Emmet, akakishusha chini. Birdie akakichukua kwa midomo, kisha akaulamba mkono, kiganja na mgongo wake, na katikati ya vidole, kwa uangalifu kama mama anayemwosha mtoto. Selmer aliuacha ulambwe. Alikuwa anatazama ukutani.

Emmet alijinyoosha kwa kuushika ukingo wa meza. "Chumvi," akasema. "Anatafuta chumvi tu, usijione mtu." Akatoka haraka kwenda kuwasha gari ambalo hakuwa amelizima.

Tulipata mwaka mmoja baada ya hapo. Ulikuwa mwaka mzuri, sitaki kudanganya; kidevu kilirudi kwenye buti. Lakini majani yalipoanza kuanguka, miguu ya nyuma ya Birdie ikaanza kumwacha. Kwanza kwenye ngazi, halafu kwenye sakafu ya jikoni. Akikaza kusimama, alikuwa anatazama nyuma, kutafuta nani anamshika.

Mama Schaal alikuja nyumbani mwenyewe. Alimpapasa nyonga kwa muda mrefu.

"Mbwa wa umbo hili, kwa umri huu, huanza hivi. Naona ni nyonga."

"Unaona," alisema Selmer.

"Ndiyo. Naona." Alikunja kifaa chake cha kusikilizia. "Akishapumzika, kama mnataka kujua kwa hakika, mnaweza kunipa kichwa nikipeleke. Wanapima."

Selmer alikuwa amepiga magoti, Birdie amelala juu ya mapaja yake, mzito na mwenye joto.

"Kujua kutamsaidia nani?"

"Wewe, labda."

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa dhati, maana miaka miwili hakutaka kitu kingine. Nilitaka aseme ndiyo ili alale usingizi, na nilitaka aseme hapana, na sikuwa na haki ya kutaka lolote.

"Hapana," alisema. "Aende mzima."

Daktari aliitikia kwa kichwa, akaanza kutayarisha sindano. Kabla hajachoma aliuliza kama mbwa angependa kitu. Kwenye friza kulikuwa na nyama ya Emmet, iliyopimwa. Nikaipasha moto barafu iyeyuke. Selmer alimpa kipande kimojakimoja, na kile cha mwisho Birdie alilala nacho mdomoni hajakitafuna.

Hatukumpigia mtu simu. Lakini tulipotoka, Selmer amembeba ndani ya blanketi, Emmet alikuwa mteremkoni na katapila yake ndogo, ameshachimba. Daktari lazima alipitia kwake. Shimo lilikuwa na kingo zilizonyooka, kazi ya mtu aliyeshuka na kumalizia kwa koleo. Alizima injini, akavua kofia, akasimama kando huku theluji ikimwangukia kichwani kwenye upara, na hakusema neno lolote la kuchekesha mpaka tulipomaliza kufukia.

Baadaye nikawakaribisha ndani. Walikaa kwa kahawa, wazee wawili wenye udongo kwenye mikono. Mwishowe Selmer akauliza, bila kuinua macho kwenye kikombe:

"Ardhi ilikuwa imeganda sana?"

"Juu tu," alisema Emmet. "Kama kidole hivi. Chini ilikuwa laini."

"Una hakika?"

"Nimeishika kwa mikono yangu, mzee. Laini."

Selmer akaitikia kwa kichwa mara moja, na tena, kama mtu aliyeletewa majibu, kisha akaisogeza sukari karibu na kikombe cha Emmet.