Dole la Kushoto

Mara ya kwanza nilipoona wino kwenye dole gumba la mama nilidhani ni rangi ya kitambaa. Mama ni fundi cherehani; miaka arobaini mikono yake haikukosa rangi. Lakini cherehani hajaigusa tangu ugonjwa wa ini ulipomlaza. Nikamsugua kwa sabuni, wino ukagoma.

Wiki iliyofuata ulikuwepo tena, mbichi.

Karatasi zote za mama anazishika kaka yangu. Tunamwita Mheshimiwa, maana hata chooni huenda na faili. Nikamuuliza wino wa nini.

"Karatasi za hospitali hizo. Wewe shona, mambo ya ofisi niachie mimi."

Nishonee wapi, akishauza duka? Duka la mama, cherehani mbili na meza ya kukatia, ndiyo riziki yangu. Na jirani anayelitamani alishaanza kuupima mlango wake kwa hatua. Kikulacho ki nguoni mwako, na mambo ya nguo nayajua mimi. Sikukaa bure, Jumatatu nami nikaenda kuulizia ofisi ya ardhi.

Ijumaa Mheshimiwa akaingia amefura, akatupa faili miguuni pa mama.

"Ofisi ya ardhi wamerudisha tena! Mara ya tatu! Eti dole halilingani na la kwenye hati!"

Kumbe hospitali imehamia ofisi ya ardhi. Nilimchukia, sifichi. Akatoka nje kupiga simu.

Nikautazama mkono wa mama juu ya shuka. Wino ulikuwa kushoto. Dole hilo sindano ya cherehani ililitoboa zamani, likabaki na kovu, ndiyo maana kwenye hati ya duka alipiga la kulia. Siku hiyo nilimpeleka mimi. Mheshimiwa alikuwa mbali akitafuta maisha.

"Mama, alikushika kwa nguvu?"

"Aa, nilimpa mwenyewe." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Hajui lipi ni lipi."

Nusura nipige vigelegele. "Mbona hukuniambia, mama? Ningekusaidia."

Mama akaukunja mkono wa kulia, akauingiza chini ya shuka.

"Wewe unajua lipi ni lipi, mwanangu."

Aibu ikanishika. Mfukoni mwangu, chini ya futi ya kupimia, ilikuwepo karatasi ya kunihamishia duka, nimeikunja tangu Jumatatu, pamoja na pedi ya wino.