Kichwa cha Tangazo

Nilikuwa karani wa kata kule Mbuji, na mwandiko wangu ulisifiwa hadi Mbinga mjini. Nasema hivyo kwa uchungu, maana sifa hizo ndizo zilizonivimbisha kichwa.

Mwishoni mwa mwaka 1996 chama chetu cha ushirika kilikuwa kimeshakufa, na mbegu tuliletewa na wafanyabiashara wenye malori. Mahindi yao yalikuwa mekundu kwa dawa ya wadudu. Ilipofika Januari vihenge vilikuwa vitupu, watu wakaanza kuyatazama yale mahindi kwa macho mengine. Mtendaji wa kata, Bwana Isidori, akaniagiza niandike tangazo upesi: mbegu zile ni sumu, zisiliwe, hata zikilowekwa.

Hilo la kuloweka alilisisitiza, na alijua anachosema. Wanawake wa kule huloweka mahindi yaliyokobolewa siku tatu kabla ya kutwanga. Wekundu wote ungeondoka na maji, na nani angedhani sumu imebaki?

Niliandika yote, sikuacha neno. Ila juu niliweka kichwa cha kisomi, kwa herufi kubwa na mstari wa rula: YAH: UTEKELEZAJI WA WARAKA WA PEMBEJEO, MSIMU WA 1996/97. Nilikitazama nikaridhika, mjinga mimi. Sumu yenyewe niliitaja kwenye aya ya tatu.

Jumapili, baada ya misa, katekista Mansuetus alisoma matangazo. Yakiwa mengi alikuwa na kawaida ya kusoma vichwa tu, na anayehusika hubaki nyuma kuuliza. Siku ile walibaki wazazi wawili waliotaka kujua siku ya ubatizo.

Kesho yake nilikutana njiani na Gaudiosa, mama Zita, aliyekuwa akinifulia nguo tangu nihamishiwe huko kutoka Moshi. Tukasalimiana, akaniuliza kama lile tangazo la pembejeo linamhusu. Nilikuwa na haraka zangu.

"Hayo ni mambo ya ofisi, mama," nikamwambia. "Wewe endelea na kazi zako."

Akaendelea. Alhamisi alitwanga mbegu alizokuwa ameziloweka, akapata unga mweupe kabisa. Zita alikuwa na miaka tisa, ametoka shule na njaa, kwa hiyo mama yake alimpakulia wa kwanza huku akisonga ugali wa wengine. Kabla jua halijazama mtoto alikata roho mgongoni mwa baba yake, wakiwa njiani kwenda zahanati.

Nilipopata habari nilikimbia kulibandua tangazo langu, nikaandika jingine: MAHINDI MEKUNDU YANAUA. MSILE. Halikunichukua hata dakika moja. Mansuetus alilipitisha nyumba kwa nyumba, na katika nyumba sita alikuta mahindi yamelowekwa. Yakamwagwa yote. Hakufa mwingine, na mpaka leo jambo hilo halinifariji.

Siku ya maziko Bernadi, baba yake Zita, aliniletea msalaba wa mbao na kopo la rangi nyeusi, kwa kuwa mwenye mwandiko mzuri ni mimi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kosa langu. Wala mimi sikuwa nimemwambia. Nikamuuliza kama nianze na neno marehemu, nifuatishe ukoo, tarehe na maneno ya faraja.

"Andika Zita," alisema. "Andika kwa herufi kubwa, karani, mama yake asisumbuke kusoma."