Daftari la Namba Saba

Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa nne ya asubuhi, prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule, alipiga picha meza ya watoto watafiti, akaitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi. Siku hiyo nyumba ya Adalbert ilivunjika mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa kufa kwa mke wake, Kapinga.

Watoto kumi na wawili wa shule moja ya mtaa wa Katuba walikuwa wamepewa kazi ya kuchunguza wenyewe yanayowapata kwenye simu: nani anawaandikia, nani anawatukana, nini kinawaogopesha. Mama Michelle wa shirika lililoleta kazi hiyo aliwagawia daftari, na namba mahali pa jina. Jemima, binti wa Adalbert, miaka kumi na minne, alikuwa namba saba.

"Andikeni kweli," Michelle aliwaambia. "Hakuna muntu atajua ni nani."

Lakini daftari bila kifuniko ni aibu. Jemima alifunika lake kwa kipande kilichobaki cha kitenge cha kilio cha mama yake, kile ambacho ukoo mzima na nusu ya mtaa walishona sare. Adalbert alimwona akikikunja, akafurahi. Akili yake haikufika mbali. Ya Michelle mwenye diplome haikufika pia, na yule analipwa kwa kufikiri.

Kwenye picha daftari lilikuwa wazi, kitenge kimechungulia pembeni. Watu walivuta picha kwa vidole, wakasoma: "Papa moja wa komite ya wazazi ananiombaka picha mubaya. Nilikatala. Anasema nitashindwa mitihani."

"Hii si kitenge ya kilio ya Kapinga?" aliandika jirani Mado, akaongeza kicheko.

Alhamisi komite ilikaa. Jemima akafukuzwa, eti kaharibu jina la shule, mitihani ikiwa imebaki mwezi mmoja. Tangu hapo amelala akitazama ukuta.

Ijumaa Adalbert aliingia kwa prefe, akamkuta na Michelle.

"Papa Adalbert, ulisaini weye mwenyewe," prefe alisema, akimwonyesha karatasi ya Kifaransa.

"Nilisaini mutoto aandike. Sikusaini mumuanike."

"Ile picha nilifuta."

"Ulifuta kwako. Ku masimu ya bantu, nani atafuta?"

Michelle akasema shirika linasikitika sana.

"Masikitiko, mama, minaipika na nini?"

Wakubwa ndivyo walivyo: mvua wanaileta wao, kulowa unalowa wewe. Adalbert aliweka simu ya Jemima mezani, ujumbe wote wa yule papa wa komite ukiwa humo, na jina lake juu. Prefe alisoma, akairudisha kwa kidole kama kitu cha moto. Michelle akatazama dirisha. Adalbert aliuliza neno moja tu, na mpaka leo anangoja:

"Huyu papa Alhamisi alikaa mu komite, akanyoosha mukono mutoto afukuzwe. Sasa jina yake munaijua. Sababu ya nini yeye iko ndani, na mutoto wangu iko inje?"