Waahirishe Tena

Watu wote wanaokwenda Mahakama ya Juu huenda wakiomba kesi yao isomwe. Mimi nilikuwa nakwenda kuomba isisomwe. Kila karani alipotoka na karatasi yake akatangaza kwamba shauri letu limeahirishwa, wenzangu kwenye benchi walishika vichwa, na mimi nilishuka zile ngazi kama bibi harusi. Nikifika chini nanunua soda ya baridi, naimaliza nimesimama, ndipo narudi kazini.

Msinione mwendawazimu. Nisikilizeni kwanza.

Mimi ni fundi wa makochi. Nabadilisha sponji, navisha vitambaa, nagonga vimisumari. Kwa kuwa nikiwa kazini huwa nimevibana vimisumari hivyo midomoni, na kwa kuwa hata nikivitema maneno yangu bado yanachoma, mtaa mzima unaniita Mama Misumari. Jina sijalikataa. Mdogo wangu wa kike, tuliyenyonya ziwa moja, alifariki akaniachia binti ambaye hata viatu alikuwa hajajua kuvaa, cha kulia anakitia kushoto. Baba yake, yaani shemeji yangu, alilia msibani, akakaa kidogo, kisha akaenda mbali kutafuta maisha. Na maisha aliyatafuta kweli kweli, maana alirudi mtoto ameshang'oka meno yote ya utoto. Alirudi na mke mpya, gari, na viatu vya zawadi ambavyo havikumwingia mtoto hata vidole. Akasema anashukuru sana, sasa anamchukua mwanawe.

Anashukuru! Kana kwamba aliniwekea begi stendi. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, ndivyo tulivyoambiwa tangu zamani, na mwana huyo nilimlea mimi. Surua yake niliikesha mimi. Hesabu za kugawanya, ambazo mimi mwenyewe zilinishinda shuleni, nilizisoma upya ili nimfundishe. Nikamwambia shemeji kwamba mtoto si kochi, huwezi kumwacha kwa fundi ukaja kumchukua akishapendeza.

Basi tukaenda mahakamani. Mahakama ya kwanza ikanipa mimi mtoto. Akakata rufaa, na ya pili ikampa yeye, ikasema mzazi ni mzazi. Nikakata mimi, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambako juu yake kuna Mungu tu. Huko, kabla ya kusikiliza lolote, wakatoa amri kwamba hali ibaki kama ilivyo mpaka hukumu. Mtoto alale kwangu, na Jumamosi moja kila mwezi ashinde na baba yake, akisafiri kuja mjini kwetu. Baada ya hapo wakanyamaza.

Na walijua kunyamaza, majaji wale. Mmoja alistaafu, jopo likaundwa upya. Mwingine akateuliwa kwenye tume. Mahakama ikahamia jengo jipya na faili letu likachelewa kuhama. Ukaja uchaguzi, kesi za wakubwa zikatupita kama misafara yao inavyotupita barabarani. Wakili wangu, mwanamke mpole anayeongea kama anapima dawa, alikuwa akiniomba radhi kila mara. Namwambia asijali, waahirishe tena. Mtoto alikuwa mezani kwangu, anakula, anarefuka, ananicheka nikikosea jina la mwanamuziki.

Kwenye benchi la korido nilipata rafiki, mwanamume mmoja tuliyemwita Dereva. Yeye na wenzake walifukuzwa kazi na kampuni ya mabasi, wakaishinda kampuni mara mbili, nayo ikakata rufaa mpaka huko juu. Alikuwa haachi kuja na chupa ya chai. Tunagawana kifuniko, ananitania kwamba siku nikipata haki yangu nitaugua, na mimi namwambia kesi yake imeishiwa mafuta mlimani. Tulicheka sana kwenye korido ile. Ila karani akishatangaza, Dereva alikuwa hanitazami, na mimi nilikuwa simtazami, mpaka siku nyingine.

Mwaka huu binti ameingia kidato cha mwisho. Ikaja siku wakili akaniita ofisini kwake, akafunga mlango. Akasema jopo jipya limeshasoma hoja zetu na hukumu imepangiwa tarehe, na siku hiyo ndiyo ya mwisho kabla ya majaji kwenda likizo yao ndefu. Katikati ya likizo hiyo binti anatimiza miaka kumi na minane. Akanieleza taratibu. Ikisomwa siku ile, atakayeshinda ameshinda, na shemeji alikuwa ameshamtafutia binti shule kwenye jiji analokaa yeye, safari ya siku nzima kutoka hapa. Isiposomwa, wakirudi likizo watakuta hakuna tena mtoto wa kugombaniwa. Watasema shauri limepitwa na wakati, watafunga faili, na binti ataishi anakotaka.

Nikamuuliza yeye anaonaje, wataelekea wapi. Akavua miwani. Akasema jopo hili limeshaamua kesi mbili zinazofanana na yangu, na zote mbili limempa mzazi.

Nilitoka pale nikaipita karakana yangu bila kuifungua. Mtu anayeondoka na mabegi yake kwa amri ya mahakama harudi kwa mguu wake. Atazoea, ataolewa hukohuko, atakuwa ananipigia simu sikukuu. Nilijua hivyo, na niliogopa kuliko nilivyoogopa siku mdogo wangu aliposhindwa kumeza maji.

Nyumbani binti naye alibadilika. Akawa anaacha chakula nusu. Kila nikirudi swali lake lilikuwa moja, wataisoma kweli? Mara tatu kwa jioni moja aliniuliza. Nikaona maskini, anaogopa kung'olewa kwangu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wakitaka kumchukua watapita juu ya maiti yangu. Alikuwa anajibu, sawa Mamkubwa, anarudi kwenye vitabu vyake. Aliomba tuende wote siku ya hukumu. Nikakataa, nikasema mahakama si sinema, aende shule.

Siku yenyewe nilifika mapema, na Dereva alikuwa ameshafika. Hukumu yake ilikuwa imepangwa siku hiyo hiyo, jopo hilo hilo. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Hakuwa na utani. Shemeji alikuja na mkewe, wamevaa kama wanakwenda kupokea cheti, na mke ameshika mfuko wa duka, blanketi jipya limechungulia. Blanketi lile lilinichoma. Walikuwa wameshamtandikia mwanangu kitanda.

Tukaingia. Majaji wakaingia na majoho yao, tukasimama, tukakaa. Nikahesabu viti, kimoja kilikuwa kitupu. Jaji kiongozi akarekebisha kipaza sauti, akasema kwa upole kwamba mwenzao mmoja amelazwa, hukumu zilizopangwa leo hazijasainiwa, zitasomwa baada ya likizo kwa tarehe itakayotangazwa. Akaomba radhi. Tukasimama tena, wakatoka.

Nilicheka. Mle ndani, mbele za watu, nilicheka kwa sauti, mpaka wakili akanibana mkono. Mtu mzima kalazwa hospitali na mimi nafurahi. Sikujali hata chembe. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi ngoma yangu ilikuwa imewambwa.

Koridoni nikamkuta shemeji ameegemea ukuta, mkewe anamsugua mgongo. Ningeweza kupita kimya. Sikupita. Nikamwambia pole shemeji, wamesema hali ibaki kama ilivyo.

Akainua uso. Sikuwahi kumwona vile tangu msibani. "Shemeji," akasema, "nilikosea kuondoka. Nimekuomba msamaha mpaka maneno yameniisha. Unataka nini zaidi kwangu?"

"Kwako sitaki kitu," nikamwambia. "Namtaka mwanangu."

Dereva alikuwa ameketi kwenye benchi letu. Nikamfuata, nikamnyooshea mkono kuomba chai, kama kawaida yetu. Akaifunga chupa, akaitia begini. Akaniambia leo hana cha kunitania, mwenzao mwingine wa kesi ile wamemzika wiki iliyopita, na hajui mjane wake atamwambia nini. Akaondoka bila kuniaga. Nilisikia aibu, sikatai, lakini ilikuwa aibu ndogo na furaha ilikuwa kubwa. Sikununua soda siku hiyo. Nilinunua kuku mzima.

Binti alikuwa ametoka shule, yuko mezani na sare yake. Nikaweka kuku jikoni, nikamsimulia yote nikiwa nakatakata vitunguu na kuvitia kwenye mafuta motoni: kiti kitupu, kipaza sauti, uso wa baba yake. Nikamwambia imekwisha, mwanangu, hakuna wa kukuchukua tena. Nikageuka nione anavyocheka.

Alikuwa analia. Si kwa sauti. Machozi yanadondokea daftari na yeye anayafuta kwa kiganja.

Nikamuuliza kulikoni, si ndiyo habari tuliyokuwa tunaingoja? Akasema yeye hakuwa anaingoja hiyo. Akasema Jumamosi zote hizo baba yake alikuwa anamwomba alale walau usiku mmoja, na yeye anajibu mahakama imekataza. Na akirudi kwangu nikimnunia, anajibu mahakama imeamuru aende. Akavuta kamasi, akaninyooshea uso.

"Nilitaka waisome, Mamkubwa. Wangesema niende, ningekwenda, ungewachukia wao. Wangesema nibaki, ningebaki, baba angewachukia wao. Sasa mmeniachia mimi. Atakayekosa atanichukia mimi."

Miaka yote ile nilijua kesi ni yangu na shemeji. Kila tarehe nilisema kesi yangu, wakili wangu, rufaa yangu. Haikunipitia hata siku moja kumuuliza mtoto yeye anaomba nini. Nikakaa, kisu bado mkononi.

Nikamwambia asiseme ujinga. Nikamwambia mimi siwezi kumchukia hata nikilazimishwa, yeye ni wangu akiwa hapa, ni wangu akiwa popote. Nilisema vizuri kabisa. Nilikuwa naamini kila neno.

Akaniangalia. "Kwa hiyo nikisema nataka kwenda kukaa kwa baba?"

Mimi ndiye niliyewatoa madalali mbio kwenye karakana yangu. Mimi ndiye niliyemjibu wakili wa shemeji mpaka jaji akainama kuficha kicheko. Neno lililotakiwa pale lilikuwa dogo, mtoto mchanga angelisema. Nenda. Nililijua. Nilifungua kinywa nilitamke na uso ukanitangulia. Sijui aliona nini hasa. Najua macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye mlango wa chumba chake, pale penye mabegi yake ya shule.

Akafunga daftari. "Basi nitabaki," akasema.

Alisema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. Kisha akachukua simu akaenda kusimama barazani. Mlango haukufungika vizuri, nikawa nasikia upande wake. Akamsalimia baba yake. Akamwambia amesikia habari. Akamwambia akitimiza miaka kumi na minane atabaki hapa hapa.

"Hapana, baba. Hajanilazimisha. Nimeamua mwenyewe."

Halafu: "Usilie, baba. Tafadhali usilie."

Harufu ya kitunguu kuungua ikaanza kutoka jikoni. Kutoka pale nilipoketi hadi barazani si mbali. Ningeweza kuinuka, nikamwomba ile simu, nikamwambia shemeji aje na gari lake na blanketi lake, binti aende akaishi na baba yake kwa moyo mweupe, na mimi nitamngoja Jumamosi. Nilijua kabisa kwamba ndivyo inavyopasa. Nilimsikia anamwambia tena baba yake asilie, sasa na sauti yake mwenyewe inakatika. Na mimi nilimtaka mno mtoto yule. Sikuinuka.